Hesabu Iliyo Ndani ya Diski

Kila diski ya kompyuta hubeba hesabu ya maisha yake. Ukiiuliza kwa programu ndogo iitwayo smartctl, hukujibu kwa safu za tarakimu: imekaa kwenye umeme saa ngapi, imewashwa mara ngapi, sehemu ngapi za uso wake zimeharibika zikahamishwa pembeni. Ninayoisema hapa ilikuja ndani ya laptopu ya ThinkPad T430, toleo la mwaka 2012, iliyopasuka kioo kuanzia kona ya juu hadi katikati, yenye kibodi ya Kijerumani ambayo herufi Z na Y zimebadilishana nafasi. Ilijibu: saa 11,304, kuwashwa mara 1,287. Gawanya, utapata saa nane na robo tatu hivi kwa kila kuwashwa. Ni siku ya kazi hiyo. Kuna mtu huko Ujerumani, sijui mwanamke sijui mwanamume, aliyekuwa akiingia ofisini asubuhi, anatundika koti, anabonyeza swichi, na jioni anazima anaondoka. Mara 1,287 ni miaka mitano na ushei, ukitoa Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mafaili yake yote yalifutwa kabla mashine haijapakiwa kwenye kontena, na ndivyo inavyopasa. Mahudhurio yake tu ndiyo hayakufutika.

Mashine za namna hiyo zimejaa Kariakoo, Dar es Salaam, zimepangwa migongo nje hadi dari, na bado zinakuja. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10, na Windows 11 iliyofuata haizipokei rasmi prosesa nyingi za kabla ya mwaka 2017. Kwa hiyo kompyuta nzima, zenye nguvu zake zote, zimeambiwa zimezeeka kwa sababu ya tarehe iliyopangwa mbali na mahali zilipo. Huku kwetu tarehe hiyo haina makali sana. Mfumo wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993 na unaotunzwa mpaka leo na watu wa kujitolea, unakaa vizuri kwenye mashine ya 2012 yenye gigabaiti nne za kumbukumbu, hauulizi umri wala hauombi kadi ya benki. Asiye na mwana aeleke jiwe, walisema wahenga. Nami nilitaka seva ya nyumbani, mfukoni nina laki mbili, na seva ya dukani haipatikani kwa laki mbili.

“Bosi, hii kioo tu ndicho kimekufa,” fundi wa pale Kariakoo aliniambia. “Mashine yenyewe inapiga kazi.” Akataka kuniwekea kioo kingine. Nikamwambia sihitaji, naenda kuifanya seva: itakaa juu ya kabati imefunikwa, imewashwa usiku na mchana, na simu zote za nyumbani zitakuwa zinaweka na kuchukua vitu humo kupitia waifai. Akaniangalia kidogo, akaifuta vumbi kwa brashi ya rangi, akaipiga dawa mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, akauliza swali ambalo sijaona mtaalamu yeyote akilianza nalo: “Sasa hiyo, itakulipa?”

Swali la fundi ni swali la haki, na lijibiwe kwa shilingi kwanza. Laptopu laki moja na ishirini. Diski ya pili, ya mtumba, nayo ikamaliza zilizobaki. Kisha umeme. Nyumba ya hali ya chini ikiwa kwenye daraja la matumizi madogo, uniti 75 za mwezi huuzwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na makato. Ukivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mstari huo wa 75 ndio unaotawala nyumba nyingi kuliko kalenda: pasi inapigwa siku gani, jagi la umeme linawashwa na nani, friji inazimwa usiku au haizimwi. Laptopu isiyowasha kioo, ikiwa imetulia, hula kiasi cha wati 12. Kwa saa 24 na siku 30 ni uniti kama 9. Kompyuta ya mezani ya ofisini, ile nyeusi nene inayouzwa bei ya karanga, ikila wati 50 tu inamaliza uniti 36, karibu nusu ya haki ya nyumba nzima. Na zile seva hasa, za chuma, ambazo makampuni huzitupa na watu huzigombania kwa kuwa zina majina makubwa, moja ikila wati 150 inafika uniti 108 peke yake, na nyumba imeshatoka kwenye bei nafuu kabla mtu hajachemsha chai. Anayejenga kwa bajeti ya kubana anunue kwa jicho la Luku, umeme wa kulipia kabla. Bei ya dukani hulipwa mara moja. Zile tarakimu 20 za tokeni utazibonyeza kwenye mita kila mara salio likikata.

Kioo kilichopasuka, basi, kilikuwa faida. Kilishusha bei na hakikuwa na kazi. Betri nayo, hata iliyochoka, ina thamani ambayo kompyuta ya mezani haina: umeme ukikatika, mashine haijui. Inaendelea kwa nusu saa na ushei, na ikiona betri inaelekea mwisho inajizima yenyewe kwa adabu, mafaili yakiwa salama. Watu hununua kifaa kizima kwa ajili ya kazi hiyo tu. ThinkPad za aina hii hukubali pia kuambiwa zisijaze betri kupita asilimia 80, na betri inayokaa kwenye chaja mwaka mzima inahitaji huruma hiyo. Kifuniko kikifungwa, laptopu ina desturi ya kulala. Unaandika mstari mmoja kwenye faili la mipangilio kwamba kifuniko kisijaliwe, na tangu hapo hailali tena. Hesabu ya ndani ya diski ikabadilika sura: saa zinapanda 24 kila siku, kuwashwa hakupandi.

Hata hivyo, kwa shilingi peke yake, fundi alikuwa na haki ya kutia shaka. Kampuni kubwa za intaneti hukodisha nafasi ya gigabaiti 100 kwa dola mbili hivi kwa mwezi, na mwenye picha chache hana sababu ya kuhangaika na brashi na dawa ya joto. Nasema hivi kwa sababu mapenzi ya vitu hivi huwafanya wenye navyo wadanganye hesabu. Hupenda pia kusimulia mwanzo wa mambo makubwa: kwamba seva ya kwanza ya wavuti, ya Tim Berners-Lee pale CERN, ilikuwa kompyuta ya mezani iliyobandikwa karatasi ya wino mwekundu kuwaonya wapitao kuwa hiyo ni seva isizimwe, kwamba mwaka 1996 Larry Page na Sergey Brin walipanga diski kumi za gigabaiti nne nne ndani ya sanduku la matofali ya kuchezea watoto. Ni kweli yote. Lakini kompyuta ya CERN ilikuwa ya aina ghali kwa wakati wake, na sanduku la matofali lilikuwa Stanford, ambako umeme na mtandao vilikuwa vya chuo. Ufukara wa kuchagua una ladha tofauti na ule unaokukuta nyumbani kwako, na sioni sababu ya kuupamba huu kwa hadithi za ule.

Aliyenisogeza mbele ni mama yangu, tunayeishi naye. Usiku mmoja alisimama mlangoni, akitazama ile taa ndogo ya kijani inayopepesa juu ya kabati. “Mwanangu, hiki kinafanya kazi gani saa hizi, sote tumelala?”

“Kinatunza, mama.”

“Kinatunza nini?”

Picha, nikamwambia, na zile sauti za baba.

Baba aliondoka ametuachia kiasi kizuri cha sauti za WhatsApp. Kuandika kwa kidole hakukuwa kumpendeza. Kila sauti huanza kwa kukohoa, kisha halo mbili tatu za mtu asiyeamini kuwa inarekodi, na nyuma yake kuku wa Tanga wanapigana. Nyingi ni maagizo: mbolea, ada ya mtoto wa fulani, usisahau kumpigia shangazi. Dakika mbili za sauti ya namna hiyo hazifiki megabaiti moja. Maisha yake yote ya kuzungumza nasi kwa simu yangeenea kwenye pembe ya flashi ya bei ya chini, na kwa muda mrefu yalikuwa ndani ya simu tatu za watu watatu, kila moja ikisubiri siku yake ya kudondoka kwenye ndoo ya maji.

Kumbukumbu zetu tunaishi nazo kwa kupanga, kwenye nyumba za kampuni za intaneti. Nyumba ni nzuri, maji hayakatiki, mlinzi yupo, na kodi mwanzoni ilikuwa bure. Lakini mwenye nyumba hana mkataba nasi tuliousoma, na akiamua kubomoa, hubomoa. GeoCities ilifungwa mwaka 2009 na kurasa za watu wa kawaida, wasiokuwa na pengine pa kuandika. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba nyimbo zilizopandishwa huko kwa zaidi ya miaka kumi zilipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Google iliwazoesha watu kuhifadhi picha bila kikomo, kisha tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zikaanza kuhesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 za bure. Hakuna uovu katika hilo la mwisho. Biashara ni biashara, na umeme wao pia unalipiwa. Usiache mbachao kwa msala upitao, wasema wazee wa pwani, na wengi wetu tuliuacha mbachao mapema sana: albamu za picha zililiwa na mchwa, kanda za kaseti zikarekodiwa juu yake taarabu, na msala uliokuja ulikuwa mzuri mno kuulizia safari yake.

Haki itendeke kwa pande zote. Diski za kampuni hizo ni salama kuliko zangu. Wao wana nakala katika majengo kadhaa na watu wa zamu. Mimi nina kabati, mjusi anayependa joto la feni, hewa ya chumvi inayokula soketi, na jiji ambalo mvua za masika huingia ndani ya nyumba za watu. Wahenga waliosema akiba haiozi walikuwa wanazungumzia ghala jingine. Akiba ya diski huoza, na huoza kimya. Ile namba ya sehemu zilizoharibika ikianza kupanda kutoka sifuri, hesabu siku. Ndiyo maana nyumba ya kujenga mwenyewe ina kazi ambayo mpangaji haijui: kila Jumapili seva inanakili vitu vyote kwenye diski ya pili, na mara kwa mara mimi huvinakili kwenye diski ya tatu ambayo haikai Dar es Salaam kabisa. Wenye fani wana kanuni yao: nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikiwa mbali. Hiyo ya mbali kwetu husafiri kwa basi.

Kwenye ofisi ya vifurushi, dada wa dirishani aliuliza ndani kuna nini. Diski ya kompyuta. “Thamani yake?” Kalamu ilikuwa tayari juu ya risiti. Nilitaka kujua kama anaulizia chuma au kilichomo, lakini foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu na mwanamume mmoja alikuwa na gunia la dagaa begani. Andika elfu hamsini, nikasema. Akaandika. Jioni yake dada yangu akaipokea stendi ya Tanga, akaiweka kabatini pamoja na vyeti. Haina faida kwa mwizi: imefungwa kwa neno la siri, na bila neno hilo ni chuma cha elfu hamsini kwelikweli.

Neno la siri, hata hivyo, limeniletea swali kubwa kuliko umeme. Nikiondoka mimi, nani atalijua? Shamba lina mipaka ambayo jirani anaikumbuka, na ng'ombe wana alama. Seva ya mtu aliyefariki ni kidude kinachopepesa taa ya kijani juu ya kabati, na mtu wa kwanza anayetaka soketi ya kuchajia simu atakichomoa. Kampuni kubwa angalau zina fomu za kujaza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mara ya kwanza nimeitumia methali hiyo kwa maana yake ya wazi: nilinunua daftari la shule, nikaandika kwa Kiswahili cha mtu wa nyumbani, hatua kwa hatua, mashine iko wapi, inawashwaje, diski ya Tanga ni ipi, picha zinatolewaje zikawekwa kwenye flashi kama hakuna anayetaka kuendelea na usumbufu huu. Neno la siri liko kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja. Niliona tabu kuandika ukurasa wa mwisho, wa kuruhusu kuzimwa. Lakini nimeuandika, maana kumrithisha mtu kitu ambacho hana ruhusa ya kukizima ni kumrithisha deni.

Kuna siku moja niliyoona faida ambayo sikuipangia. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ya nchi nyingi za Afrika Mashariki ikalegea hadi kukaribia kusimama. Ilikuwa Siku ya Mama, watu wana salamu na picha za kutuma. SEACOM ilifika pwani yetu mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata, na tangu hapo tumezoea kuona kwamba kilicho mbali kiko karibu. Siku ile kilicho karibu ndicho kilichogeuka kuwa mbali. Mtu na jirani yake, ukuta kwa ukuta, hawakuweza kupelekeana picha, kwa kuwa njia ya kutoka chumba hiki kwenda chumba kile hupitia ng'ambo. Juu ya kabati letu ile taa iliendelea kupepesa. Waifai ya nyumbani haina habari na bahari. Watoto walifungua Wikipedia ya Kiswahili waliyowekewa kwa programu ya Kiwix, ambayo hubeba kamusi elezo nzima ndani ya faili moja isiyohitaji mtandao, wakabishana kuhusu nyangumi. Mama alisikiliza sauti ya mbolea, mara mbili, akamjibu marehemu kwamba mbolea ilishawekwa.

Mtegemea cha nduguye hufa yu maskini, nilitaka kusema siku ile kwa majivuno, lakini majivuno hayo yana matobo. Prosesa ni ya Marekani, chuma kilizeekea Ujerumani, mfumo umeandikwa na watu wa kila bara ambao hawajanidai hata senti, na umeme ni wa kununua. Hakuna nilichokijenga peke yangu. Nilichopata kwa laki mbili ni haki ndogo ya kuamua: nini kihifadhiwe, kwa muda gani, na nani azime. Haki hiyo haina kipimo cha uniti, na ndiyo maana siku hiyo dukani sikuwa na jibu la kumpa fundi. Nikirudi nitamwambia hailipi, na kwamba nataka nyingine kwa ajili ya dada yangu.

Kwa hiyo wewe mwenye laptopu ya kioo kilichopasuka chini ya kitanda, usiwape wanunuzi wa skrepa kwa elfu tano. Hamisha kwanza sauti za wazee wako kutoka kwenye simu, leo, hata kama ni kwenye flashi tu. Mashine inaweza kusubiri mwisho wa mwezi, sauti haziwezi. Ukishaitoa chini ya kitanda, itafutie mahali pa juu, penye hewa, mbali na sinki. Na kabla ya kuichomeka kwenye umeme, itoe betri uitazame: kama imevimba usiitumie wala usiitoboe, tafuta nyingine kwanza.